Juu ya nini ekipe ndogo iko na kiwanja kikubwa?



Kuko ulizo moja ambalo linarudia kila mara tukianza mabishano ya mupira kisha masomo. Mumoja anasema: «Kama hapa Kamina tungekuwa na kiwanja kikubwa, ekipe zetu zingepanda mpaka Linafoot.» Mwingine anajibu: «Kiwanja hakichezi, ni watu njo wanacheza.» Kisha kelele inaanza, na hakuna mutu anayesikia mwenzake tena.

Leo tutaeleza jambo hilo polepole. Kuko miji yenye kuwa na kiwanja kikubwa, lakini ekipe yake inacheza daraja la chini. Tutaangalia namna jambo la namna hiyo linafika, nani anajenga, na nani anabaki na mizigo. Kisha kila mutu atajua vizuri kitu gani anaombea muji wetu.

1. TUVUKE ZIWA MPAKA KIGOMA

Wote tunajua kama reli yetu inagawanyika hapa Kamina. Njia moja inakwenda Mwene-Ditu na Kananga mpaka Ilebo. Ingine inapita Kabongo na Kabalo mpaka Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Ukivuka ziwa unafika Kigoma, katika Tanzania, pahali reli ya kutoka Dar es Salaam inaishia tangu mwaka wa 1914. Ni majirani wetu, na lugha yetu ni moja hata kama wao watacheka namna tunavyoisema.

Kigoma iko na kiwanja kinaitwa Lake Tanganyika. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya kombe la shirikisho la Tanzania ilichezwa pale. Waliokutana ni Simba na Yanga, ekipe mbili zinazogawanya inchi nzima, kama vile Mazembe na Lupopo wanavyogawanya Lubumbashi. Simba walishinda 1 kwa 0, bao la Taddeo Lwanga, mutoto wa Uganda. Watu walitoka mbali kwa treni, kwa basi na kwa mashua, na kiwanja kilijaa.

Sasa angalia jambo la kushangaza. Musimu ule Ligi Kuu ya Tanzania ilikuwa na ekipe 18. Kati ya zote 18, hata moja haikuwa ya Kigoma. Ekipe kubwa ya muji, Mashujaa, ekipe ya waaskari, ilikuwa inacheza daraja la chini. Siku zingine watu wachache walikuja kuiangalia, na ngazi nyingi zilibaki wazi. Bon, kama ni hivyo, kiwanja kile kilijengwa juu ya nani?

2. ALIYEJENGA HAKUWA EKIPE

Jibu la kwanza ni hili: mara nyingi si ekipe iliyojenga kiwanja.

Katika Tanzania kulikuwa chama kimoja tu cha siasa kufuatana na sheria tangu mwaka wa 1965. Tarehe 5 Februari 1977 chama cha TANU cha bara na chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar viliungana, na vikawa CCM. Wakati wa chama kimoja, chama na serikali vilikuwa kama mukono na kidole. Kila mukoa ulitaka kiwanja chake. Wananchi walitoa michango, serikali ikatoa nguvu, na chama kikawa mwenye mali. Njo maana mpaka leo viwanja vingi vya mikoa ni mali ya CCM: Kirumba kule Mwanza, Sokoine kule Mbeya, Majimaji kule Songea, Sheikh Amri Abeid kule Arusha, na pia Lake Tanganyika ya Kigoma.

Viwanja hivyo havikuwa paka vya mupira. Ni pale watu walikusanyika kwa sikukuu ya uhuru, kwa mikutano ya chama, kumupokea rais, kuona watoto wa shule wakifanya mazoezi ya mwili na waaskari wakipita kwa mustari. Mutu mwenye kupima kiwanja cha namna hiyo hakuuliza: «Ekipe ya hapa inaleta watu wangapi siku ya Yenga?» Aliuliza: «Siku rais anakuja, mukoa mzima utaingia wapi?»

Sisi wa Congo hatupaswe kushangaa. Kiwanja cha Kinshasa kilichofunguliwa mwaka wa 1952 kiliitwa kwanza kwa jina la mufalme Baudouin wa Ubelgiji. Wakati wa Mobutu kikaitwa «20 Mai», siku ambayo chama cha MPR kilizaliwa katika mwaka wa 1967. Leo kinaitwa Tata Raphaël, jina la padri mumoja Mubelgiji aliyefundisha vijana wa Kinshasa mupira. Kiwanja ni kile kile, mistari ni ile ile. Majina yamefuata wenye mamlaka. Ni pale Muhammad Ali alimupiga George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974, na ule haukuwa mupira hata kidogo.

Na hapa kwetu tuko na mufano mukubwa kuliko yote: Base. Wabelgiji walijenga Base ya Kamina kisha vita ya pili ya dunia, juu waliogopa vita ingine kule Ulaya na walitaka pahali pa kurudia nyuma. Je, Kamina ilikuwa na lazima ya njia za ndege ndefu namna ile? Hapana. Njia zile zilipimwa kufuatana na woga wa watu waliokuwa Bruxelles. Hivi, ukiona kitu kikubwa katika muji mudogo, kwanza uliza mwenye kujenga alikuwa anafikiri nini. Usiangalie kwanza mwenye kukitumia leo.

3. KIWANJA KINAPIMWA KWA SIKU KUBWA

Jibu la pili: hata kama mwenye kujenga alifikiri mupira tu, hakufikiri siku ndogo.

Tuseme ekipe ya daraja la chini inacheza nyumbani mara 15 kwa mwaka. Mara 14 watu 500 wanakuja. Mara moja, katika kombe, Simba ao Yanga inafika, na watu 15 000 wanataka kuingia. Ukijenga kwa watu 500, siku ile moja watu watavunja ukuta, na wengine wataumia. Ukijenga kwa watu 15 000, siku 14 utaimba peke yako na utasikia mwangwi. Wajenzi wengi walichagua njia ya pili.

Tena, zamani haikuwa kazi ngumu sana kuongeza nafasi. Hawakuweka kiti kwa kila mutu. Walipandisha udongo pembeni, ao walimwaga beto na kufanya ngazi, watu wakakaa ao wakasimama. Tribini yenye paa ilikuwa upande mumoja tu, kwa wakubwa. Kuongeza ngazi tano zaidi kulikuwa ni saruji, muchanga na mikono ya watu. Leo sheria za mupira zinaomba kiti kwa kila mutu, taa, vyumba vizuri vya kuvalia na milango ya kutokea mbio wakati wa hatari. Njo maana kiwanja chenye kuitwa kikubwa zamani, leo kikihesabiwa kwa viti, kinapunguka sana.

4. EKIPE INASHUKA, KIWANJA HAKISHUKE

Jibu la tatu ni la huzuni kidogo. Ekipe inaweza kuwa kubwa, kisha ikaanguka. Lakini kiwanja hakijue kushuka daraja.

Tuangalie Songea, kusini ya Tanzania, karibu na Musumbiji. Muji ule umechukua jina la nduna Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimunyonga mwaka wa 1906 juu ya vita ya Maji Maji. Kutoka jina la vita ile, ekipe ya Songea ikaitwa Majimaji, na kiwanja vilevile. Katika mwaka wa 1985 Majimaji walishinda Ligi ya Muungano, ni kusema ligi ya bara na Zanzibar pamoja. Mwaka wa 1986 wakashinda tena, na mwaka wa 1998 mara ya tatu. Ekipe ya muji wa mbali, bila bahari, bila gari moshi, ilipita wakubwa wote wa Dar es Salaam! Wakati ule hakuna mutu aliyesema kiwanja cha Majimaji ni kikubwa kupita kipimo.

Lakini feza za mupira zilibadilika. Televisheni na makampuni vilianza kulipa, na feza zile zilikwenda zaidi kwa ekipe zenye wasupota wengi. Ekipe za mikoa zilizokuwa zinasaidiwa na mashirika ya serikali na wakubwa wa mukoa zilibaki mikono mitupu. Majimaji wakashuka, wakarudi mwaka wa 2015, wakashuka tena mwaka wa 2018. Kiwanja kilibaki pale pale, na ngazi zake zote. Mugeni anayefika leo anauliza: «Juu ya nini ekipe hii iko na kiwanja hiki?» Mutu muzima wa Songea atamujibu kama zamani hawakuwa wageni wa Ligi.

5. MUFANO WA MBALI: HAMPDEN

Jambo hili si la Afrika peke yake. Mufano wenye kujulikana zaidi ni wa Glasgow, katika Scotland. Kuko ekipe inaitwa Queen's Park, iliyoanza mwaka wa 1867. Wakati wengine walianza kulipa wachezaji, wao walikataa. Neno lao lilikuwa kucheza kwa ajili ya kucheza. Lakini zamani walikuwa na nguvu sana, na mwaka wa 1903 walifungua kiwanja chao, Hampden Park. Ekipe ya taifa ya Scotland ilichezea pale. Tarehe 17 Aprili 1937 watu 149 415 waliingia kuangalia Scotland na Uingereza.

Miaka ikapita. Ekipe zenye kulipa zikachukua wachezaji wazuri, na Queen's Park wakashuka mpaka daraja la chini kabisa la ligi ya Scotland. Lakini kiwanja kilikuwa chao! Hivi siku ya mupira, watu mia kadhaa walikaa upande mumoja wa kiwanja chenye viti karibu 50 000. Mwishoni mwa mwaka wa 2019 wakaacha ile desturi ya kukataa mushahara, na mwaka wa 2020 wakauza Hampden kwa shirikisho la mupira la Scotland kwa pauni milioni 5.

Ekipe ile ndogo iliweza kukaa na nyumba kubwa miaka mingi sababu ekipe ya taifa na fainali za kombe zilichezwa mule, na zilileta feza. Mugeni njo alikuwa analipia paa. Bila mugeni, mwenye nyumba asingeweza.

6. NANI ANAKATA MAJANI?

Hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Kujenga ni mara moja. Kutunza ni kila siku.

Majani ya kiwanja hayajue kama watu ni 500 ao 15 000. Yanaomba maji ileile wakati wa kiangazi, yanaomba kukatwa, na mashimo yanaomba kufukiwa. Mabati ya tribini yanashika kutu sawasawa. Ukuta unaomba rangi, vyoo vinaomba mutu wa kusafisha. Gharama inafuata ukubwa wa kiwanja, lakini feza inafuata wingi wa watu kwenye mulango. Kama hivi viwili viko mbali sana kimoja na kingine, kiwanja kinaanza kufa. Kwanza majani, kisha mabati, kisha watu wanachukua tofali.

Katika Tanzania mara nyingi shirikisho la mupira lilifunga viwanja kadhaa vya mikoa sababu ya majani mabaya, na ekipe zikalazimika kwenda kucheza katika muji mwingine mpaka vitengenezwe. Tena kuko magombano juu ya mali. Mwaka wa 1992 sheria ya vyama vingi ilirudi. Basi, watu wakauliza: viwanja vilivyojengwa kwa michango ya wananchi wote, hata wale wasio wa CCM, je, vibaki vya chama kimoja ao virudi kwa serikali? Mabishano yale yaliendelea miaka mingi. Ni fundisho kubwa kwetu. Wakati wa kujenga, kila mutu anaimba na kubeba muchanga, hakuna anayeuliza jina gani litaandikwa kwenye karatasi. Ulizo linakuja kisha, wakati paa linavuja.

7. MAZEMBE WALIFANYA NAMNA INGINE

Sasa turudi Lubumbashi. Mazembe ni mabingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Wangetaka, wangejenga kiwanja cha watu 60 000, kama kile cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka wa 2007. Hawakufanya hivyo. Kiwanja chao cha Kamalondo, kilichofunguliwa mwaka wa 2011 wakati Moïse Katumbi alikuwa mukubwa wa ekipe, kiko na nafasi 18 500. Ni kidogo kwa ekipe yenye jina kubwa namna ile. Lakini ni chao. Wanakijaza, wanakitunza, na ekipe inayokuja kucheza mule inasikia kelele karibu na masikio.

Hivi tuko na picha mbili. Upande mumoja, kiwanja kikubwa cha mutu mwingine, ekipe ndogo ndani. Upande mwingine, ekipe kubwa, kiwanja cha kipimo, na mwenye mali anajulikana.

8. LAKINI TUSEME KWELI YOTE

Mumoja atasema: «Basi, kiwanja kikubwa ni bure.» Hapana. Turudi mara ya mwisho Kigoma.

Kama kiwanja cha Kigoma hakingekuwa kikubwa, ile fainali ya 2021 isingefika pale. Shirikisho la Tanzania lilikuwa linapeleka fainali mikoani: mwaka wa 2019 Lindi, 2020 Sumbawanga, 2021 Kigoma, 2022 Arusha, 2023 Tanga. Muji bila kiwanja haukuweza kuingia katika mustari huo. Watoto wa Kigoma waliona kwa macho yao wachezaji ambao walikuwa wanawasikia paka kwa redio.

Na Mashujaa wenyewe? Tayari mwishoni mwa mwaka wa 2018, wakiwa daraja la chini, waliwatoa Simba katika kombe 3 kwa 2, kule kule Dar es Salaam. Hawakufanya hivyo na kiwanja chao, walifanya na miguu yao. Kisha mwaka wa 2023 waliwapita Mbeya City katika michezo ya kuchagua nani apande, wakaingia Ligi Kuu. Siku ile kiwanja kilikuwa kinawangojea. Hawakuwa na lazima ya kwenda kukopa kiwanja katika muji wa wengine.

Wale wawili wa mabishano yetu, kila mumoja alishika kipande cha kweli. Kiwanja hakikuwapandisha Mashujaa. Lakini walipopanda, kiwanja kiliwasaidia kukaa nyumbani.

9. NA SISI?

Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu anasema juu ya mutu anayetaka kujenga munara. Anamuomba akae kwanza, ahesabu gharama, aone kama ataweza kumaliza, ili watu wasimucheke. Mara nyingi tunahubiriwa neno hilo juu ya kumufuata Yesu, na ni vizuri. Lakini hesabu yenyewe ni hesabu ya kweli, na mutu anayeombea Kamina kiwanja anaweza kuianza na maulizo mane:

– Nani ataandikwa mwenye mali: ekipe, muji, jimbo, ao mukubwa mumoja?
– Siku isiyo ya mupira, kitafanya kazi gani? Masomo ya michezo, mikutano ya kanisa, sikukuu za shule?
– Nani atanunua maji ya majani mwezi wa nane, wakati mvua haijarudi?
– Tunaweza kuanza kidogo, kwa upande mumoja, na kuacha nafasi ya kuongeza?

Ulizo la nne njo linasahaulika zaidi. Kiwanja kilichojengwa upande mumoja vizuri, chenye majani mazima na ukuta, kinaweza kukomaa pamoja na ekipe.

Kwa sasa uwanja wa shule yetu uko na goli mbili na vumbi. Ni wetu wote, na kila mutu anajua nani anapaswa kuukata majani: ni kalasi yenye zamu. Juma hii angalieni orodha kwenye mulango wa ofisi ya prefe. Anayepiga kelele sana juu ya stade ya watu 20 000 aanze kwa kuleta coupe-coupe yake saa kumi kamili.